Ncha za Vidole: Kuchagua Glavu za Kudarizia Mfarishi

Glavu za kudarizia ni glavu nyembamba zenye ncha za vidole zilizopakwa mpira au kitu cha jamii ya mpira, ambazo mshonaji huzivaa ili kitambaa kisimteleze anapokiongoza kwa mikono chini ya sindano ya cherehani. Hazikingi baridi, wala hazizuii sindano isichome kidole. Kazi yake ni moja: kuuwezesha mkono kukishika kitambaa bila kukikandamiza. Ni kifaa kidogo, lakini mshonaji aliyekosea kukichagua hukitupa kando baada ya siku mbili na kuapa kwamba glavu ni mbwembwe tu.

Mfarishi ni tandiko au shuka nene ya matabaka matatu: uso wa juu, ambao mara nyingi ni vipande vya vitambaa vilivyoungwa kwa mpango, pamba ya kujazia katikati, na bitana chini. Kudarizi ni kuyashona matabaka hayo pamoja kwa mishono inayopita kila mahali, ili pamba isihame na kujikusanya pembeni. Msomaji wa pwani huenda akalijua neno hilo zaidi kwa nakshi za shingo ya kanzu. Kwenye mfarishi mishono hupamba vilevile, ila hapa pambo ndilo pia linaloshikilia kitu chote kisisambaratike.

Katika ushonaji wa kawaida mkono hauna kazi kubwa. Meno ya cherehani, vile vyuma vidogo vinavyochomoza chini ya mguu, ndiyo yanayosukuma kitambaa, na fundi anayeshona upande wa suruali hukielekeza tu kisipinde. Udarizi huru haufuati njia hiyo. Meno hushushwa au hufunikwa, mguu wa kawaida hutolewa na mahali pake huwekwa mguu mdogo wa duara unaorukaruka pamoja na sindano, na kitambaa huwa huru kwenda mbele, nyuma na pembeni. Sindano inakuwa kalamu iliyosimama mahali pamoja, na karatasi ndiyo inayotembezwa chini yake. Urefu wa mshono hauamuliwi tena na mashine; unaamuliwa na mwendo wa mikono ukilinganishwa na mwendo wa mota.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kutazamwa. Cherehani ya umeme ikienda mishono 800 kwa dakika, na mdarizi akitaka mishono 10 kwa kila inchi, basi mikono yake haina budi kusogeza inchi 80 kwa dakika, yaani mita 2 na ushee, au sentimita 3.4 kila sekunde, bila kusita. Vidole vikiteleza kwa robo ya sekunde tu, sindano huwa imeshapiga mara tatu palepale. Juu huonekana kifundo; mfarishi ukigeuzwa, nyuzi zimejisokota kwenye bitana kama kiota. Vidole vikishika tena kwa ghafla, mshono unaofuata huruka ukawa mrefu mara mbili ya wenzake. Petali ya ua iliyoanza kwa mviringo mzuri inaishia na kona ambayo haikukusudiwa. Wanaoanza kudarizi huilaumu cherehani, kisha uzi, kisha macho yao. Mara nyingi kilichoharibu kazi ni ngozi ya vidole.

Kitambaa kilichotandazwa kwenye meza ya cherehani kinakabiliwa na misuguano miwili: wa juu, kati ya vidole na kitambaa, na wa chini, kati ya bitana na meza. Kitambaa hufuata mkono pale tu msuguano wa juu unapouzidi wa chini. Mkono ukiteleza, kila mtu hufanya jambo lilelile: hubonyeza zaidi. Hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa kubonyeza huongeza misuguano yote miwili kwa pamoja. Mkono unashika zaidi, na meza nayo inazuia zaidi.

Tarakimu za kubuni zinaweza kulionyesha jambo hili. Mkono mtupu unabonyeza kwa uzito wa kilo 1. Ikiwa ngozi kavu inaweza kuvuta kwa nguvu ya gramu 400 kabla haijateleza, na meza inazuia kwa gramu 300, basi zinabaki gramu 100 za kusogezea kitambaa. Mdarizi akibonyeza kwa kilo 2 zinabaki gramu 200, na mabega yameshaanza kuuma. Ncha ya mpira yenye uwezo wa kuvuta gramu 800 kwa kilo ileile moja inabakiza gramu 500. Hata mkono ukilegea mpaka nusu kilo, bado zinabaki gramu 250, yaani nyingi kuliko za yule aliyebonyeza kwa nguvu mara nne. Hii ndiyo maana halisi ya glavu hizi: faida yake kuu ni kwamba zinauruhusu mkono kulegea. Glavu inayomfanya mvaaji aendelee kukunja vidole na kukaza viganja haijafanya kazi yake, hata kama kitambaa hakitelezi.

Na kitambaa chenyewe si chepesi. Mfarishi wa kitanda cha watu wawili wa mita 2.3 kwa 2.5, wenye pamba katikati na kitambaa cha pamba juu na chini, hufika kilo mbili na nusu hivi. Uzito huo wote hupenyezwa kwenye nafasi iliyo kati ya sindano na shingo ya cherehani, ambayo kwenye mashine nyingi za nyumbani haizidi sentimita 20. Sehemu inayoning'inia pembeni mwa meza huvuta upande wake kama mtoto anayeng'ang'ania nguo ya mama yake.

Nchini Marekani, ambako udarizi wa mifarishi ni burudani ya watu wengi na biashara kubwa pia, glavu hizi hazikuwa na nafasi zamani kwa sababu kazi iliyoheshimiwa ilikuwa ya mkono. Cherehani ziliingia majumbani tangu miaka ya 1850, na ipo mifarishi ya karne ya 19 yenye mishono ya mashine, lakini kwa waamuzi wa mashindano mashine ilikuwa njia ya mkato. Kisha mwalimu Harriet Hargrave alifundisha, darasani na katika kitabu chake Heirloom Machine Quilting, kwamba cherehani ya kawaida ya nyumbani inaweza kutoa kazi safi kama ya mikono ya bibi za wanafunzi wake. Mwaka 1989, kwenye maonyesho ya chama cha wadarizi wa Marekani mjini Paducah, jimbo la Kentucky, mfarishi wa Caryl Bryer Fallert uitwao Corona II: Solar Eclipse ulitwaa tuzo ya juu kabisa, wa kwanza uliodariziwa kwa mashine kupata heshima hiyo. Kadiri mashine zilivyokubaliwa ndivyo mikono ilivyoanza kulalamika, na watu wakajitafutia dawa: mipira ya vidole kama ile ya kuhesabia noti, glavu za bustani, glavu za hospitali. Glavu zilizotengenezwa mahususi kwa kazi hii zimetokana na majaribio hayo, na bado vifaa vile vya mwanzo vinashindana nazo.

Glavu inayojulikana zaidi ni ile ya nailoni nyeupe iliyofumwa bila mshono, yenye ncha zilizochovywa kwenye poliurethani. Glavu ziitwazo Machingers ni za aina hii. Poliurethani ni plastiki yenye tabia ya mpira: laini, nyembamba, na ikigusa pamba haitelezi. Ubora wa muundo huu uko mahali pawili. Kwanza, kinachopakwa ni ncha tu, kwa hiyo kiganja na mgongo wa mkono vinapumua kupitia tundu za nailoni. Pili, kwa kuwa hakuna mshono kwenye ncha, kidole kinaweza kuhisi unene wa pamba na mahali vipande vilipoungana. Hisia hiyo si anasa. Mdarizi hujua kwa ncha za vidole kwamba bitana imejikunja chini, kabla macho hayajaona.

Ndugu yake wa karibu ni glavu ya kazi ya viwandani, ambayo imepakwa poliurethani kiganja kizima. Hiyo huvaliwa na wanaounganisha vifaa vidogo vya umeme, na inauzwa kwenye maduka mengi ya vifaa vya ujenzi, ya Afrika Mashariki yakiwemo. Kwa ushikaji haina tofauti kubwa na ile ya wadarizi, na bei yake ni nafuu. Kasoro yake ni joto: kiganja kilichofungwa hutoka jasho, na baada ya saa moja mkono unakuwa kama umetolewa kwenye ndoo. Anayedarizi kwa dakika ishirini jioni hataiona kasoro hiyo. Jambo la kuangalia ni wembamba wa ufumaji, ambao huandikwa kwa namba ya sindano za kufumia zilizomo ndani ya inchi moja: 13, 15 au 18. Namba ikiwa kubwa, glavu ni nyembamba zaidi. Kumi na tatu inatosha kwa wengi. Kuanzia 15 mvaaji huanza kusahau kwamba amevaa kitu.

Glavu za pamba zenye vitone vya plastiki, zile za wabeba mizigo, ndizo zinazopatikana kirahisi kuliko zote na ndizo zinazofaa kidogo kuliko zote. Ni nene, ni pana, na nafasi kati ya kitone na kitone inateleza kama soksi kwenye sakafu ya saruji. Zinashika gunia, lakini uso wa mfarishi wenye uzi laini ni jambo jingine. Glavu za bustani zilizochovywa kwenye mpira wa nitrili zinashika vizuri, lakini nyingi zimetengenezwa kwa udongo na miba, kwa hiyo ncha zake ni ngumu na haziruhusu kidole kupinda kwa wepesi.

Kuna pia glavu za hospitali. Zinabana, zinashika, zinapatikana popote, na mdarizi aliyekwama usiku anaweza kumalizia kazi kwazo. Zisitumiwe kwa muda mrefu, kwani jasho halina pa kutokea, na zile za mpira wa asili zina tatizo la mzio: protini za utomvu wa mpira huwawasha baadhi ya watu, huwavimbisha, na kwa wachache huleta shida ya kupumua. Za zamani zenye unga ndani ni mbaya zaidi, kwa kuwa unga hubeba protini hizo hewani. Marekani ilizipiga marufuku kwa matumizi ya tiba kuanzia Januari 2017. Kwa mdarizi unga huo una ubaya wa ziada wa kumwagika juu ya kitambaa cheusi.

Mipira ya vidole, ile anayovaa mhesabu noti benki, inastahili heshima zaidi kuliko inayopewa. Huvaliwa kwenye vidole viwili au vitatu tu vya kila mkono, mkono wote ukabaki wazi, na kuingiza uzi kwenye tundu la sindano hakuhitaji kuvua chochote. Shida yake ni kuchomoka na kubana damu. Wengine hupaka losheni yenye gliserini ili ngozi kavu ishike. Inasaidia kwa muda, hasa kwa walio kwenye nchi za baridi ambako hewa ya nyumba zilizopashwa joto hukausha vidole mpaka vikakwaruza kitambaa, lakini mafuta na kitambaa cheupe havipatani.

Baada ya aina, kinachofuata ni kipimo, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mkono hupimwa kwa utepe kuzunguka sehemu pana ya kiganja, chini kidogo ya vifundo vya vidole, bila kidole gumba. Namba za glavu za kazi kimsingi ni inchi hizo hizo: mzunguko wa milimita 178 ni namba 7, milimita 203 ni namba 8, na 229 ni namba 9. Glavu za wadarizi huuzwa kwa herufi za ndogo, ya kati na kubwa, ambazo kila mtengenezaji ana zake, kwa hiyo ni salama kuuliza herufi hiyo inalingana na mzunguko gani. Anayesita kati ya namba mbili achukue ndogo. Nailoni hutanuka, lakini utupu kwenye ncha hauzibiki.

Utupu huo ndio adui. Ncha ikibaki tupu hata nusu sentimita, kidole hutembea ndani ya glavu wakati glavu imeganda kwenye kitambaa, na utelezi uliokuwa nje unahamia ndani. Mkono unakwenda, mfarishi unachelewa. Zaidi ya hapo, ncha iliyolegea inaweza kunaswa na mguu unaorukaruka ikavutwa chini ya sindano, na mwenye kidole hajui kilipo kikomo chake. Kucha ndefu nazo hutoboa ncha kutoka ndani. Mwenye kucha ndefu hana budi kuzikata, au kununua glavu mara kwa mara.

Glavu hupimwa kwa vitendo. Njia inayofaa dukani ni kuweka vipande viwili vya kitambaa juu ya meza, kimoja juu ya kingine, kisha kulaza mkono uliovaa glavu juu yake kwa uzito wake wenyewe, vidole vikiwa vimelegea kabisa, na kuusogeza. Kipande cha juu kikifuata mara moja, glavu inafaa. Kikisubiri mpaka mkono ubonyeze, haifai. Kisha mkono huohuo ujaribu kuokota pini iliyolala juu ya meza. Anayeshindwa kuokota pini atalazimika kuvua glavu kila uzi unapokatika, na uzi hukatika mara nyingi. Jaribio la tatu ni la rangi: kitambaa cheupe chenye unyevunyevu kisuguliwe kwenye ncha za glavu. Glavu za kijivu na nyeusi si zote zinazochuja, lakini moja inayochuja inatosha kuharibu kazi ya miezi, na hiyo ndiyo sababu nyingi za wadarizi ni nyeupe.

Yapo pia mapendeleo ambayo hayana jibu moja. Baadhi ya glavu huacha kidole gumba na cha shahada wazi ili kushika uzi kuwe rahisi. Anayeongoza kitambaa kwa viganja vilivyotandazwa atazipenda, ilhali anayeongoza kwa ncha za vidole hivyo hivyo viwili atakuwa amenunua glavu isiyo na kazi. Mkono wa glavu uwe wa kufumwa na unaobana kifundo, bila kamba wala kifungo cha kukwaruza kitambaa.

Hata glavu nzuri kuliko zote hufanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kupunguza msuguano wa chini: meza pana iliyo usawa mmoja na kitanda cha cherehani, kiti au meza ya pembeni ya kubeba mfarishi usining'inie, na kama inapatikana, karatasi ya tefloni yenye tundu la sindano inayolazwa juu ya meza ili bitana iserereke. Mikono huwekwa pande mbili za sindano kama nusu duara mbili, ikikivuta kitambaa kidogo kuelekea nje ili kisikunjike. Ikifika ukomo wake, sindano husimamishwa ikiwa imezama kwenye kitambaa, ndipo mikono ihamie mahali pengine. Kuhamisha mikono mashine ikiwa inakwenda huacha kona kwenye mstari, na hakuna glavu ya kuificha.

Si kila mdarizi anazihitaji. Anayeshona mistari iliyonyooka kwa mguu wenye meno yake ya juu, ule unaokwenda sambamba na meno ya chini, anaachia mashine isukume. Kwenye mashine kubwa za fremu, ambamo mfarishi umewambwa na kichwa cha cherehani ndicho kinachotembezwa, mikono hushika vipini na haigusi kitambaa.

Glavu za poliurethani hufuliwa kwa mkono, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni nyepesi, kisha huanikwa kivulini. Dawa ya kung'arisha nguo huharibu upako; dawa ya kulainisha huacha utando unaoteleza, yaani huondoa kile kile kilichonunuliwa. Nyuzi za pamba hujipachika kwenye ncha na kuzifanya ziteleze kabla hazijaisha. Kitambaa chenye maji kidogo huzifuta. Mwenye kuishi mahali pa joto na unyevu, Mombasa au Unguja kwa mfano, ana jambo la ziada la kujua: poliurethani nyingi huozeshwa na unyevu wa hewa, hata kama hazitumiki. Ni ugonjwa uleule unaofanya soli ya kiatu kilichokaa kabatini miaka michache imeguke siku ya kwanza kinapovaliwa. Ncha za glavu huanza kunata, kisha hutoa vijipande vidogo kama ngozi ya nyoka, na vijipande hivyo hushika kwenye uzi. Kwa hiyo kununua jozi sita kwa mpigo kwa sababu bei ilishuka hakuna faida huko. Jozi mbili zinatosha, moja mkononi na moja ikikauka.

Zinazochakaa kwanza ni ncha za kidole cha shahada na cha kati. Glavu iliyochovywa ncha pande zote, na isiyofumwa kufuata mkono mmoja, inaweza kuhamishwa kutoka kushoto kwenda kulia ili upande ambao haukutumika uchukue zamu yake. Upako ukishang'aa na kuwa laini kama kioo pande zote mbili, glavu imekwisha, ingawa nailoni yake bado haina hata tundu.